Siku Tulipotangaza Pakiti Imepotea

Wawira, ambaye sasa amekalia kiti changu, aliniomba niwaandikie ninyi vijana wa idara ya matangazo kurasa chache. Alitaka nieleze jinsi ya kuamua ni trendi ipi ya mtandaoni kampuni iifuate, na ipi iiache ipite. Nilimwambia sijui. Akasema, "Basi andika vile ulikuja kujua hujui." Ndiyo haya. Vyeo nilivyopewa na vile nilivyonyimwa nimeviacha kwenye faili, ambako panya wanavisoma kwa makini kuliko nilivyovisoma mimi.

Jambo moja mlijue mapema: kazi hiyo niliifanya kwa woga, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kilichobadilika ni kile nilichokiogopa.

Siku ya kwanza niliogopa maikrofoni. Nilikuwa msichana kutoka Nkubu, upande wa Meru, Kiswahili changu cha shuleni, na Kiembu changu cha kuwachekesha akina mama sokoni. Kiwanda cha Unga wa Kiondo wakati huo kilikuwa na mashine mbili za kusaga, pikapu moja yenye vipaza sauti juu ya paa, na Mzee Salim. Salim alikuwa mtoto wa wauza nyama wa Majimbo, hapa Embu mjini. Ndugu zake wote walishika visu, yeye akashika brashi. Ndiye aliyechora nembo yetu, kikapu cha kiondo, kwenye kuta za maduka kutoka Meru hadi Kiritiri, na ndiye aliyenifundisha kusema na watu ambao hawajaniomba niseme nao. Maikrofoni aliifunga kitambaa cheupe, kwa sababu ya vumbi na, alivyosema, mate ya wasemaji waliotangulia.

Alikuwa na desturi iliyonichosha. Tukifika soko lolote anazima gari, anaacha spika kimya, anaingia hoteli ya chai na kuuliza habari za hapo. Akiambiwa nzuri, anauliza tena. Akisikia kuna msiba au ajali, tunageuza gari. Nilidhani anatafuta chai ya bure. Siku nyingine ni kweli alikuwa anaitafuta.

Siku moja huko Kanja alikawia hotelini, nami nikataka kuonyesha kwamba naweza. Niliwasha muziki, sauti hadi mwisho, nikaanza kutaja uzuri wa unga wetu. Kwenye kona wakatokea wanaume sita wamebeba jeneza. Salim alikuja mbio akachomoa waya, halafu akavua kofia yake na kusimama kando ya barabara. Mzee mmoja kwenye msafara aliniangalia. Hakunitukana. Aliniangalia mimi, kisha akaangalia ule mchoro wa kiondo ubavuni mwa gari kana kwamba anataka kuukariri.

Tulirudi mjini. Aliponishusha ndipo Salim akauliza, "Kaari, pale uliogopa nini?"

"Niliogopa tutachelewa kwenda soko lingine."

"Na tungechelewa, nani angekufa?"

Nilidhani nimeelewa. Niliendelea kudhani hivyo kwa miaka mingi.

Salim aliondoka kazini, baadaye akaondoka duniani. Pikapu iliuzwa. Kuta zake zikapakwa rangi za kampuni za simu. Watu wakahamia kwenye simu zenyewe, nasi tukawafuata huko. Meneja akaniajiria Wawira, binti wa hapa Embu, hodari, mwenye simu mbili na mikono isiyotulia. Yeye ndiye aliyenieleza trendi ni nini. Mtu mmoja anafanya mchezo mtandaoni, watu wanaupenda, kila mmoja anaurudia kwa namna yake, na kwa siku mbili au tatu nchi nzima inacheza mchezo mmoja. Kampuni ikiingia mapema inaonekana ina akili. Ikiingia ukiwa umekwisha, inaonekana kama mjomba anayecheza muziki wa vijana harusini.

Kwa hiyo tuliishi kwa kukimbia. Meneja alikuwa akichungulia mlangoni na kusema, "Wapinzani wetu wameshaweka. Sisi tunangoja nini?" Nilikuwa nalala na simu karibu na mto, nikiamka naangalia wenzetu wameweka nini kabla sijanawa uso.

Msidhani tulifuata kila kitu. Kuna mchezo wa kujimwagia unga kichwani ambao Wawira mwenyewe aliukataa. "Madam, Mbeere mvua imekataa," aliniambia. "Watu wanakopa unga kwa vikombe, na sisi tuwaonyeshe tukiumwaga?" Wengine waliumwaga na wakasemwa vibaya. Sisi tulipongezwa kwa busara yetu, na nadhani pongezi zile ndizo zilizotuharibu. Tulianza kuamini tuna pua ya kunusa.

Halafu ukaja mchezo wa "Amepotea".

Mlikuwepo, mnaukumbuka. Watu walikuwa wakitengeneza tangazo kama lile la mtu aliyepotea, lenye picha, jina na nguo alizovaa, lakini aliyepotea ni kitu cha kuchekesha. Mshahara umepotea. Mchumba amepotea baada ya kutumiwa nauli. Ijumaa alasiri Wawira alinitumia lake. Mandhari ya manjano, maandishi mekundu juu: AMEPOTEA. Jina, Pakiti ya Kilo Mbili. Alionekana mara ya mwisho jikoni kwa jirani. Amevaa koti la kijani lenye kiondo. Ukimwona mrudishe haraka, maji yamechemka.

Nilikuwa saluni, kichwa kiko chini ya mashine ya kukaushia nywele. Nilicheka mpaka msusi akaniuliza kuna nini. Chini ya picha Wawira alikuwa ameandika, "Tukingoja, Jumatatu mchezo utakuwa umekufa. Tuweke kesho asubuhi watu wakinywa chai?" Nilimjibu kwa alama ya kidole gumba. Kidole kimoja cha manjano, bila hata neno.

Jumamosi asubuhi tangazo likatoka. Kabla ya saa sita lilikuwa limesambaa kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka. Wenye maduka walilituma kwa wateja, wateja wakalituma kwenye vikundi vya kanisa. Watu walijibu "maji yamechemka" kila mahali, hata kwenye posti zisizotuhusu. Meneja alinipigia simu kunipongeza, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Jumapili tukaweka la pili. Pakiti ilikuwa imeonekana ikielekea Meru. Nililala vizuri siku hizo mbili. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo nikikumbuka, jinsi nilivyolala vizuri.

Jumatatu, nilipokuwa namalizia chai ya saa nne, askari wa getini alinipigia. "Madam, kuna mama hapa analia. Anasema anataka mwenye tangazo."

Nilimkuta amesimama nje ya geti ameshika karatasi. Alikuwa mwanamke wa makamo, sweta limevaliwa nje ndani, viatu vina matope. Aliitwa Igoki, mwalimu wa shule ya msingi huko Kanja. Shule zilikuwa zimefungwa na alikuwa nyumbani akimtunza mama yake mzazi, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Mama huyo alitoka nyumbani Jumamosi asubuhi na hakurudi.

Alinipa karatasi. Ilikuwa na mandhari ya manjano na maandishi mekundu juu. AMEPOTEA. Chini yake picha ya bibi kizee, cucu kwa lugha ya hapa, mwembamba, mwenye kitambaa cha buluu kichwani.

"Nilitengeneza kwa simu," Igoki alisema. "Hiyo rangi ndiyo ilikuja. Nikatuma kwa kila kikundi Jumamosi saa nane. Sasa ona."

Akanionyesha majibu. Nyuso za kucheka, safu baada ya safu. *Maji yamechemka.* *Cucu wa kilo mbili.* *Hawa watu wa unga wamezidi, sasa wanatumia mpaka cucu.* Mtu mmoja alikuwa amemwandikia kuuliza kama kuna zawadi ya unga kwa atakayempata.

"Nimewaambia ni mama yangu," alisema. "Wananiambia niko na talanta."

Nilishika chuma cha geti. Siku mbili. Usiku mbili za baridi ya Kanja, kama alikuwa Kanja. Nilijaribu kuhesabu watu wangapi huenda walimwona wakapita wakicheka, nikaacha kuhesabu.

Nilimpeleka ofisini. Wawira aliangalia ile karatasi, akaketi, akainuka, akaketi tena. "Madam," alisema, "hiyo ni templeti yangu. Ndiyo ya kwanza kwa ile app ya kutengenezea matangazo."

Tulifuta matangazo yetu yote mawili mara moja. Haikusaidia kitu, yalikuwa kwenye simu za watu, na simu za watu hatuna ufunguo wake. Tukaweka tangazo la Igoki kwenye ukurasa wetu, tukaandika kwamba hili ni la kweli. Dakika hiyohiyo nyuso za kucheka zikaanza kupanda. *Hili ni la kweli, ati.* *Kiondo hamjambo.* Wawira aliandika tena kwa herufi kubwa, wakacheka zaidi. Tuliketi pale na ukurasa wenye wafuasi wengi kuliko gazeti lolote la mkoa huu, na hakukuwa na hata mmoja wa kutuamini.

Nilikwenda kwa meneja. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango.

"Kaari, hatuna hakika kama tangazo letu ndilo lilileta shida," alisema. "Ukisema hadharani kwamba ni sisi, na huyo mama awe amekufa, unajua kitatokea nini? Ngoja wakili wa Nairobi. Kesho asubuhi atakuwa amejibu."

"Kesho asubuhi itakuwa siku ya tatu."

"Najua ni siku ya ngapi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu kama yangu, ila yake ilikuwa imepata pa kukaa. Mimi pia, nawaambia kweli, nilisimama pale nikifikiria kiinua mgongo changu. Nilikuwa karibu kustaafu. Nilitoka nikaenda chooni nikajifungia, nikakaa kama dakika kumi huku Igoki akiningoja kwenye korido. Dakika hizo sijawahi kumwambia mtu hadi leo.

Nilipotoka nilimwomba Wawira alete simu yake getini, anirekodi video ya kuweka kwenye ukurasa wetu. Hatukuweka muziki wala maandishi. Nilisimama kando ya Igoki, aliyeshika picha ya mama yake, nikasema jina langu na kazi yangu. Nikasema, "Lile tangazo la pakiti lilikuwa mchezo wetu. Mimi ndiye niliyelikubali. Huyu si mchezo. Huyu ni mama wa huyu, amepotea tangu Jumamosi, na mlipomcheka mlidanganywa na sisi." Nikarudia kwa Kiembu changu kibovu, nikikosea maneno, na Igoki akinisahihisha huku analia. Wawira alitaka turudie ile sehemu niliyokwama. Nilimkataza. Ndiyo sehemu iliyofanya watu waamini.

Simu ya kwanza ya maana ilikuja baada ya kama saa moja. Mwanamke mwenye kibanda cha chai na muguka, yale majani ya kutafuna, huko Kiambere, kando ya bwawa la umeme, mbali kabisa na Kanja, chini kule kwenye joto.

"Huyo mama mimi nilimuona," alisema. "Jumamosi jioni. Alishuka kwa gari hapa nikampatia chai. Aliuliza njia ya kampi."

"Na Jumapili, hukuona tangazo lake?"

"Niliona. Nilisema huyu si ni yule cucu wa jana? Msichana wangu akaniambia ni wale watu wa unga, wanachukuanga picha za watu. Nikacheka, madam. Nikacheka na nikaendelea kuosha vikombe."

Nikamuuliza alielekea wapi.

"Upande wa maji," alisema.

Tulichukua gari la kiwanda bila ruhusa. Dereva, Igoki, Wawira, mimi. Njia ya kuteremka Mbeere ni ndefu, na kila tuliposhuka joto liliongezeka na kijani kikapungua. Igoki alieleza kwa sauti ndogo kwamba baba yake alikuwa fundi wakati bwawa likijengwa. Mama yake Igoki alikuwa akimpelekea mumewe chakula kambini siku za wikendi. Baba alikuwa amefariki zamani. "Yeye hajui," Igoki alisema. "Kila siku anauliza kama ameshakula."

Hakuna aliyetaja mamba wa bwawa lile. Wote tuliwafikiria. Naweza kusema hivyo kwa sababu Wawira alikuwa ameshika mkono wangu, na kila tulipoona maji yakimetameta chini kati ya vichaka aliufinya.

Mama wa kibanda alikuwa ametuitia wanaume wanne na askari mmoja. Tulitembea kufuata ukingo. Nilipata kiatu. Kilikuwa kiatu cha plastiki cha rangi ya zambarau, kimenasa kwenye tope, hatua chache kutoka majini, ncha yake ikielekea majini. Nilisimama juu yake nikashindwa kuita. Nilisikia wenzangu wakiita jina la bibi kizee mbele, "Cucu Marigu! Cucu!", na nikatamani waendelee kuita tu, wasigeuke, wasione nilichokiona.

Igoki aligeuka. Alikuja akakiokota, akakipangusa tope kwa kiganja. "Ni chake," alisema. Kisha akaketi chini palepale.

Askari ndiye aliyetuambia tusikate tamaa mapema, kwamba watu wengi huja kunawa miguu. Akatupandisha juu, ambako kuna nyumba za zamani za wafanyakazi, mabati yametolewa na milango haipo. Tulipita moja baada ya nyingine. Katika ya tano au ya sita, mmoja wa wale wanaume alipiga kelele.

Alikuwa ameketi sakafuni kwenye veranda, mgongo ukutani, mguu mmoja hauna kiatu na umevimba kama boga. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yalikuwa wazi na nilidhani tumechelewa. Halafu akayahamisha kutoka kwa Igoki hadi kwangu, akaangalia beji yangu ya kazi.

"Wewe ni wa ofisi?" aliniuliza kwa Kiembu.

Nikasema, "Ndiyo, cucu."

"Mwambie atoke. Chakula kimepoa."

Igoki alipiga magoti akamkumbatia, na mama yake akamwangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni mwenye adabu. Mama wa kibanda alileta maji na sukari. Alimnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, hakutuangalia usoni hata mara moja.

Alilazwa hospitalini Embu wiki tatu. Aliishi. Mguu haukurudi sawa. Tangu hapo anatembea na fimbo hadi mlangoni na kurudi. Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo niliisaini, na wakili wa Nairobi alijibu siku ya nne akishauri tusiseme chochote.

Miaka yangu iliyobaki kazini mnaijua, kwa sababu mlikuwa mkinilalamikia. Mlileta trendi mezani kwangu zikafia hapo. Kabla ya kukubali lolote nilipiga simu: kwa mwenye duka Kanja, kwa mama wa kibanda Kiambere, kwa jamaa za Salim kule Majimbo, kwa dada yangu Nkubu. Niliuliza habari za huko, na wakisema nzuri niliuliza tena. Mara moja mama wa Kiambere aliniambia kuna wasichana wawili wamezama wiki hiyo, na mezani kwangu kulikuwa na mchezo wa kujirusha kwenye beseni la maji. Mara nyingi hakukuwa na kitu, na tulichelewa bure, na meneja alichungulia mlangoni. Sina njia ya kuwaambia ni ipi ingemwumiza nani. Zile tulizoziacha hazikutuachia ushahidi. Nilichobaki nacho ni tabia ya kuweka simu chini kila nikiona alama ya kidole gumba, na sidhani hilo linafundishika.

Wiki niliyostaafu nilikwenda Kanja. Nilikuwa nikienda mara kwa mara, nikipeleka unga na sukari, nikikaa na cucu juani, lakini kuomba msamaha kwa maneno sikuwahi. Niliogopa jibu. Siku hiyo nilisema. Nilimwambia Igoki kwamba nilikuwa saluni, kwamba nilicheka, kwamba sikufikiria hata kwa dakika moja.

Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Madam Kaari, nataka nikuambie kitu sijawahi kuambia hata ndugu zangu," alisema. "Hilo tangazo lenu nililipata ile Jumamosi asubuhi. Mwalimu mwenzangu alinitumia. Nilikuwa nimekaa hapo kwa hicho kiti, mama yuko nyuma yangu anakunywa uji. Nikalisoma nikacheka, nikaanza kulituma kwa watu. Nilikuwa nachagua majina."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akaliweka kando.

"Nilisikia mlango. Nilisikia kabisa. Nikasema nimalize kutuma."